Betri ya lithiamu nyuma ya gari haichaji sawa: fuata dalili, pima, ndipo ufungue

Siku hizi Unguja na Pemba gari zenye betri ya pili zimekuwa nyingi. Kuna Hiace zilizotiwa kitanda na jiko kwa wageni wanaotaka kulala Makangale au Kizimkazi, kuna pikapu za samaki zenye friji ya volti 12, kuna gari za matangazo zenye spika na inveta. Wengi wameacha betri ya maji na kuweka lithiamu, ile inayoandikwa LiFePO4, na wanaichaji kwa altaneta gari ikiwa njiani. Ikianza kusumbua, neno la kwanza linalosemwa ni "betri feki". Mara nyingi betri ni nzima. Tatizo limo katika zile mita chache za waya kati ya boneti na nyuma ya kiti, au katika namna chaja ilivyopangwa, na multimita ya bei ndogo inatosha kulionyesha.

Nimeandika kwa ajili ya mwenye gari pamoja na fundi wake. Usinunue kitu chochote kabla ya kupima.

Vipimo vinne vya mwanzo

Vua pete na saa ya chuma. Lithiamu ikigusishwa chanya na hasi kwa spana hutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na spana inaweza kujichomelea hapo hapo.

Weka multimita kwenye volti za DC. Kipimo cha kwanza ni betri ya gari, ile ya kuwashia, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa: betri ya maji iliyo nzima husoma kati ya 12.4 na 12.7. Washa injini, pima hapo hapo tena: 13.8 hadi 14.4 ni hali ya kawaida. Kipimo cha tatu chukua kwenye temino za kuingilia za chaja ya DC-DC, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa mbele na kuupandisha volti ili kuichaji lithiamu, chaja ikiwa inafanya kazi. Cha nne ni kwenye temino za lithiamu yenyewe, chaja ikiwa bado inafanya kazi. Andika namba zote nne kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa zaidi, na ndicho kinachosema mengi kuliko vyote. Waya mbovu haujioneshi mpaka umeme mwingi upite ndani yake. Ukipima chaja ikiwa imezima utakuta 13.9 safi kabisa hata kwenye waya ulioliwa na kutu ukabakiwa na nyuzi tatu.

Chaja haioneshi dalili yoyote ya uhai

Hapa pa kuangalia ni pachache. Kwanza fyuzi, zote mbili: moja iwe karibu na betri ya gari, nyingine karibu na lithiamu. Usiridhike kwa kuangalia uzi wa ndani kwa macho, pima volti kila upande wa fyuzi. Nyumba za fyuzi za bei nafuu huyeyuka ndani taratibu. Kwa nje plastiki inaonekana nzima lakini ukiishika baada ya mwendo wa nusu saa inakuunguza kidole. Hiyo itupe.

Pili, waya wa amri. Chaja nyingi zina waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya gari kuiambia chaja kwamba injini imewashwa. Ukikatika, chaja hukaa kimya milele. Tatu, athi. Kama hasi ya chaja imefungwa kwenye bodi juu ya rangi au juu ya kutu, ni sawa na kutofungwa.

Inachaji dakika moja, inazima, inawaka tena

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na linafaa kukaliwa kitako.

Chaja ya ampea 30 haivuti ampea 30 kutoka mbele. Kwa sababu inapandisha volti, na kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kuwa joto, inavuta zaidi, tuseme 35 na kidogo juu yake. Sasa chukua Hiace ambayo waya unakwenda mita 5 kufika nyuma na mita 5 kurudi kwa hasi. Ukiwa umetumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa plagi za nyumbani, unapoteza karibu volti 2.4 njiani. Wa milimita 6 unapoteza kama volti 1. Wa milimita 16 unapoteza chini ya 0.4. Altaneta ikitoa 13.9, chaja iliyo kwenye waya wa 2.5 inaonja 11.5 tu. Inajihisi kama betri ya gari inakufa, kwa hiyo inajizima kuilinda. Ikishajizima hakuna umeme unaopita, volti inarudi 13.9, chaja inafurahi na kuwaka tena. Ndiyo hiyo washa-zima unayoiona kwenye taa yake.

Ili kujua upande upi una ubovu, acha chaja ifanye kazi, weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri ya gari na nyingine kwenye chanya ya kuingilia ya chaja. Namba unayoisoma ndiyo volti inayopotea kwenye waya wa chanya. Fanya vivyo hivyo kwa hasi. Ikiwa kila upande hauzidi 0.2 au 0.3, waya wako ni mzuri. Ukikuta 0.2 kwenye chanya na 1.1 kwenye hasi, usiguse chanya kabisa. Nenda kwenye athi, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga lagi (kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya) kwa boliti na nati, halafu paka grisi juu yake, si chini yake.

Waya wenyewe una hila mbili. Ya kwanza ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Dukani unang'aa kama shaba na umeandikwa namba kubwa, bei yake inavutia. Kata ncha, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Hupoteza volti zaidi ya shaba ya unene ule ule kwa zaidi ya nusu, na kwenye chumvi yetu ncha zake huharibika haraka. Ya pili ni hiyo chumvi yenyewe. Gari inayoshuka pwani kupakia pweza, au inayopanda meli kwenda na kurudi Mkoani, inapata unyevu wa chumvi unaopenya kwenye lagi na kupanda ndani ya ganda la waya. Kwa nje waya mweusi umekaa vizuri. Chuna sentimita mbili tatu nyuma ya lagi: ukikuta nyuzi zimekuwa kijani, au nyeusi zinazovunjika kwa kukunjwa, endelea kukata mpaka ufike kwenye shaba nyekundu. Usipoifikia, badilisha waya wote. Lagi mpya kwenye waya uliooza haisaidii kitu, ingawa itaonekana nadhifu. Na lagi ikishakandamizwa, ivishwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Solotepu peke yake huachia kwa joto na kukaribisha maji.

Inachaji gari ikipunguza mwendo, inaacha ikiwa barabarani

Mwenye gari huapa kwamba kitu kiko kinyume, na kweli kiko hivyo. Gari nyingi za Japani za miaka ya karibuni zina kompyuta inayoisimamia altaneta ili kubana mafuta. Betri ya gari ikiwa imejaa, kompyuta hushusha volti hadi 12.6 au 12.8 unapokwenda mwendo wa kawaida, halafu huipandisha unapoachia mafuta au kukanyaga breki. Chaja au relei (swichi inayofunga na kufungua kwa umeme) inayosubiri ione 13.3 ndipo ijue injini inazunguka, hudhani umezima gari.

Kipimo chake ni rahisi: mwambie mwenzako aendeshe wewe ukiangalia multimita. Namba zikipanda na kushuka kwa kufuata mguu wa dereva, umeshapata jibu. Kwenye Toyota nyingi ukiwasha taa kubwa volti hupanda na kutulia, kwa hiyo hilo nalo ni jaribio, ingawa si dawa. Dawa ni chaja ya DC-DC inayofuata waya wa amri kutoka kwenye swichi badala ya kubahatisha kwa volti. Hiyo huchukua 12.6 na kuitoa 14.2 bila shida.

Kuna jambo dogo hapa linalowapita wengi. Gari za namna hii kwa kawaida zina kijisanduku kilichobana waya wa hasi ya betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga hasi ya chaja moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, umekikwepa, na kompyuta haioni mzigo wako. Funga hasi kwenye bodi au chesisi, mahali safi, ili hesabu ipite inapostahili.

Altaneta inanuka, au imeungua kabisa

Nasema hili kwa uzito: usiunganishe lithiamu na altaneta kwa relei tupu kwa sababu tu betri ya maji iliwahi kufanya kazi hivyo. Betri ya maji ina ukinzani ndani yake. Inavuta umeme mwingi mwanzo halafu inapunguza yenyewe. Lithiamu haipunguzi. Inavuta chochote altaneta inachoweza kutoa, mpaka karibu ijae.

Hatari kubwa haiko kwenye mwendo wa kasi. Iko gari ikiwa silensa, inaponguruma papo hapo bila kukanyagwa mafuta: kwenye foleni ya Darajani, kwenye mstari wa kuingia bandarini, au umeegesha unasubiri boti za samaki zirudi na umewasha injini "ili betri ipate kidogo". Altaneta inazunguka polepole, feni yake ya ndani haipepei, na wakati huo huo inakamuliwa mpaka mwisho. Shaba ya ndani inapata moto, vanishi yake inaungua, na harufu ile ukishaiskia mara moja hutaisahau. Altaneta nyingi za gari za abiria hazikujengwa kutoa ampea zao zote kwa saa nzima, hata kama zimeandikwa 80 au 100.

Kwa hiyo weka chaja ya DC-DC, ndiyo inayoweka kikomo. Kanuni ninayoifuata ni chaja isivute zaidi ya nusu ya ampea zilizoandikwa kwenye altaneta. Altaneta ya 80, chaja ya 30 inatosha. Kama altaneta ni ya 60 na gari ina kiyoyozi, weka ya 20 na uridhike nayo. Ikiwa chaja yako ina mpangilio wa kupunguza ampea, utumie. Si zote lazima ziende juu kabisa.

Altaneta pia hufa kwa njia nyingine, bila harufu. Ndani ya lithiamu kuna saketi ya ulinzi inayoitwa BMS. Ikiona volti imezidi au joto limezidi, hukata umeme ghafla. Kama lithiamu ilikuwa ndiyo inayobeba umeme wote wa altaneta, volti huruka juu papo hapo na kuua dayodi, pengine na kompyuta ya gari. Betri ya maji ya kuwashia ikiwa imeunganishwa vizuri hufyonza mruko huo. Ndiyo maana temino iliyolegea kwenye betri ya mbele ni jambo la kukaza leo.

Jana ilichaji vizuri, leo asubuhi gari haiwaki

Tazama relei inayojiendesha kwa volti. Imetengenezwa kwa ajili ya betri za maji: hufunga ikiona 13.3 hivi na hufungua ikishuka 12.8. Lithiamu iliyojaa hukaa 13.3 bila kuchajiwa na mtu. Umezima gari, umekwenda kulala, relei bado inaona 13.3 na inaamini injini inazunguka. Betri mbili zinabaki zimeshikana usiku kucha, friji inakula kwa zote. Ama uweke relei inayoamriwa na swichi, ama chaja ya DC-DC. Mimi nachagua chaja.

Betri haijai hata nikizunguka siku nzima

Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Visiwa vyetu ni vidogo. Mjini hadi Nungwi ni kilomita zipatazo 60, saa moja na ushei. Chake hadi Wete ni kama 30. Betri ya 100 Ah (ampea mara saa) iliyobakiwa na asilimia 20 inahitaji 80 Ah; kwa chaja ya ampea 30 hiyo ni saa 2 na dakika 40 za injini kuzunguka. Wakati huo huo friji ya kompresa ya wati 50 inavuta kama ampea 4 inapofanya kazi, na kwa joto la kaskazi kompresa inapumzika kwa nadra. Hata ikizunguka nusu ya muda tu, kwa saa 24 imekula karibu 48 Ah. Safari moja ya Nungwi haifikii hata kurudisha kilicholiwa na friji. Usikimbilie chaja kubwa zaidi itakayoichosha altaneta. Weka paneli ya sola juu ya paa, au chaji usiku kwa umeme wa ZECO ukiwa nyumbani. Waliopita lile giza la kukosa umeme la Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja hawahitaji kuelezwa faida ya kuwa na njia zaidi ya moja.

Kama hesabu inasema ilitakiwa ijae na haijai, angalia mpangilio wa chaja. Kipimo cha nne kikigota 13.6 na hakipandi, chaja huenda imewekwa kwenye hali ya betri ya maji au imeshaingia hatua ya kupumzisha. Lithiamu inataka 14.2 hadi 14.4 mwisho wa kuchaji. Hali ya kusawazisha, ile inayopanda 15 na zaidi kwa ajili ya betri za maji, izimwe kabisa.

Wala usiamini kile kidude cha taa kinachoonesha asilimia kwa kusoma volti. Lithiamu hukaa 13.1 hadi 13.3 kwa sehemu kubwa ya chaji yake; volti 13.2 inaweza kuwa asilimia 70, inaweza kuwa 45. Kinachohesabu kweli ni shanti, kipande kinachofungwa kwenye hasi na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka.

Mchana inachaji kidogo, usiku vizuri

Joto. Lithiamu nyingi za aina hii zimeandikwa zichajiwe kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi. Zile habari za kuilinda na baridi zilizojaa kwenye miongozo ya Ulaya hazituhusu. Sisi tatizo letu ni upande wa pili. Gari iliyofungwa vioo kwenye jua la Januari hupita 45 bila taabu, na BMS inakataa kuchaji mpaka ipoe. Chaja nayo hujipunguza ikipata moto. Isiwekwe chini ya boneti, isifunikwe na godoro, na iwe na nafasi ya kiganja kila upande. Kijifeni kidogo cha kompyuta kinachopuliza kwenye mapezi yake kinaleta tofauti utakayoiona kwenye multimita.

Multimita inasoma sifuri kwenye lithiamu

Usiitupe. BMS imefunga mlango, kwa kawaida kwa sababu betri imekamuliwa hadi chini ya volti 10. Msababishi mkubwa ni inveta iliyoachwa imewashwa: hata bila kuchomekwa kitu inaweza kula ampea moja, na hiyo ni 24 Ah kwa siku. Chomoa mizigo yote. Chaja nyingi za DC-DC zikiona sifuri upande wa pili hukataa kuanza, kwa hiyo tumia chaja ya umeme wa nyumbani yenye hali ya kuiamsha lithiamu. Ikiamka, ijaze, iache usiku mzima bila kitu. Asubuhi ikiwa 13.3 au zaidi, ni nzima. Ikiwa imeanguka chini ya 12, seli imekufa ndani, na sasa ndiyo unaweza kusema betri ni mbovu.

Lori la volti 24

Canter na Fuso nyingi kutoka Japani zina betri mbili za 12 zilizofuatana. Njia ya mkato inayopendwa ni kuchukua 12 kwenye ile betri ya kwanza tu. Itafanya kazi, na polepole itaziua zote mbili: ile unayoikamua inabaki na njaa, na ile ya pili inajazwa kupita kiasi, kwa sababu altaneta inaangalia jumla ya 28 tu. Chukua umeme kwenye 24 nzima, upite kwenye chaja ya kushusha 24 kwenda 12 yenye hali ya lithiamu. Kisha pima kila betri ya lori peke yake injini ikizunguka. Zote ziwe karibu na 14. Ukikuta moja ina 15 na nyingine 13, toa ule waya unaochukua 12 katikati ya betri mbili siku hiyo hiyo.